Dumu Lililorudi

Yale mafuta niliyajua kwa harufu kabla ya kuyajua kwa rangi. Ilikuwa mwaka 2021, jua la kaskazi halina huruma, natoka Mabokweni kumjulia hali shangazi yangu aliyekuwa anaumwa miguu. Nikasimama kwenye genge moja la njiani ninunue nyanya. Pembeni ya mafungu ya nyanya zilipangwa chupa za maji zilizokwisha kutumika, zimejazwa mafuta ya kupikia ya kupima, za robo lita na za nusu. Rangi yake kama chai ya rangi iliyokolea. Nikashika moja, nikafungua kizibo, nikanusa.

Vibua.

Mtu aliyekaa mbele ya karai la kukaangia samaki hao miaka mitano harufu hiyo haimpotei, hata umwamshe usiku wa manane. Nikamuuliza binti mwenye genge, "Mwanangu, haya unayatoa wapi?"

"Analeta kaka mmoja wa mjini, mama. Anakuja na baiskeli. Bei yake nafuu, na watu wanayapenda, yana ladha."

Yana ladha! Nikarudisha chupa mahali pake, nikalipa nyanya zangu, nikaondoka bila kuchukua chenji.

Kaka wa baiskeli nilikuwa namjua. Kila Jumamosi jioni alipita kibandani kwangu Ngamiani, hapa Tanga mjini, akafunga madumu yangu ya mafuta yaliyochoka kwenye keria, akanilipa, akaenda zake. Alisema anapeleka kwa watengeneza sabuni. Na mimi muda wote huo nilikuwa najisifu. Wenzangu wanamwaga mafuta machafu mtaroni, mimi yangu yanakwenda kuwa sabuni. Nimewahi kumweleza hivyo mgeni mmoja aliyekuja kula, akanisifu, nikavimba kichwa wiki nzima.

Jumamosi iliyofuata nilimngoja. Hakukana. "Mama, ukishaniuzia si yangu?" alisema bila ukali, kama mtu anayemkumbusha mwenzake jambo la kawaida. "Wa sabuni wananipa kidogo. Hawa wengine wananipa mara mbili." Nikakosa la kumjibu, maana sokoni kilichouzwa si chako. Lakini nilijua pia kwamba mafuta niliyoyaona yamechoka hata kwa kukaangia samaki, kuna mama mahali fulani anayakaangia maandazi ya wanawe. Pengine shangazi yangu mwenyewe.

Niliacha kumuuzia siku hiyo hiyo. Shida ikaanzia hapo, kwa sababu mafuta hayakuacha kuchoka.

Kazi hii nimeirithi kwa mama. Aliiacha mwaka 2016 macho yalipokuwa hayamsaidii tena na kifua kinambana usiku. Daktari alipomuuliza kama anavuta sigara, mama alicheka mpaka akakohoa. Miaka zaidi ya 20 mbele ya moto wa kuni, sigara ya nini? Nikachukua karai, mwiko wa matundu, na wateja wake. Alfajiri niko soko la samaki la Deep Sea, siku nyingine Sahare. Nachukua vibua, changu, tasi, kolekole akipatikana kwa bei ya kueleweka. Saa nne karai liko motoni. Jioni ndiyo zamu ya bada, ugali wa muhogo, maana Tanga samaki wa kukaanga bila bada ni kama harusi bila pilau. Tuko watatu: mimi, mdogo wangu wa kike, na kijana mmoja wa kuparua na kupasua.

Nakitaja hicho kimo cha biashara kwa makusudi. Wakati huo mtu akiniambia "biashara na mazingira" nilikuwa nafikiria viwanda vya saruji na meli za bandarini. Kibanda cha watu watatu kina mazingira gani ya kuharibu?

Ndani ya miezi miwili nilikuwa na madumu 9 nyuma ya kibanda. Panya walinijua kwa jina. Bwana afya alipita akaniambia kwa adabu kwamba akirudi hataki kuyakuta. Nikaenda nayo kwa baba, siyo kwa kuwa ana uwanja tu, ila nilitaka mtu wa kumlalamikia.

Baba alifanya kazi korona, pale wanapokwangua majani ya mkonge kupata nyuzi. Akanisikiliza, akayatazama madumu, kisha akaanza kunihadithia habari za korona, kama kawaida yake kwa jambo lolote lile. Jani la mkonge, alisema, ukipima kilo 100, nyuzi zinazotoka ni kama kilo 4. Zilizobaki zote ni maji na makapi. Enzi zao yalikuwa yanasukumwa na maji kwenda bondeni, yanaoza, harufu yake inafika mpaka kwenye kambi za wafanyakazi. Baadaye sana, miaka ya 2000, ndipo pale Hale wakajenga mtambo wa kuyageuza makapi hayo kuwa gesi ya kuzalishia umeme. "Sisi tulikuwa tunalipwa kwa zile 4," akasema. "Zile 96 hakuna aliyeziandika popote." Halafu akaniuliza, "Wewe zako ngapi?"

Sikujua. Hapo ndipo nilipoona haya kuliko siku ya gengeni. Najua bei ya kila samaki kwa kila msimu, najua mteja gani ananidai chenji na yupi anadaiwa, lakini sikujua ni kilo ngapi za kitu gani zinaingia kibandani kwangu na ngapi zinatoka zikienda wapi.

Nikanunua mizani ya kuning'iniza, ya mtumba, nikaifunga kwenye boriti. Wiki nzima tulipima kila kitu. Mdogo wangu aliona nimepatwa na wazimu. Daftari lile ninalo mpaka leo, limelowa mafuta kurasa zote. Samaki walioingia: kilo 262. Matumbo, magamba na matamvua: kilo 49. Samaki walioharibika kabla ya kufika motoni: kilo 17. Mafuta mapya: lita 38, na yaliyotoka yamechoka ni lita 16, mengine yameondoka ndani ya samaki. Na kuni: kilo 318.

Nililiangalia hilo la mwisho mara mbili tatu. Nilikuwa nachoma kuni nyingi kuliko samaki ninaokaanga.

Na kuni zenyewe zilikuwa za mikoko. Naliandika hili bila kujitetea. Mzee aliyekuwa ananiletea aliwauzia pia mama na nyanya yangu, na alikuwa na hoja yake: mkoko hauna moshi mwingi, moto wake ni mkali na unadumu, karai halipoi. Kweli tupu. Lakini mikoko ya pwani yote ya Bara ni hifadhi ya serikali, kuikata bila kibali ni kosa, na kila mvuvi anajua kwamba kwenye mizizi ile ndiko kamba na samaki wadogo wanakojificha mpaka wapate nguvu za kutoka nje. Wavuvi wa huku kwetu wameshaona baruti ilivyofanya miamba kuwa kifusi. Samaki wa baruti hata kukaanga hakaangiki vizuri, mifupa imevunjika, nyama inatawanyika kwenye mafuta. Nilikuwa mkali sana kwa hao wa baruti, nawarudishia samaki wao mbele za watu. Na huku nyuma ya kibanda nachoma kitalu cha samaki ili nikaange samaki.

Kumwambia mzee haikuwa rahisi. Mtu ametuhudumia vizazi vitatu, leo umwambie kuni zako sizitaki? Nilimkaribisha kahawa kwanza. Nikamwambia, "Babu, nitaendelea kununua kwako, ila niletee mivinje, au matawi ya michungwa kutoka Muheza, wanapopunguza mashamba. Mikoko basi." Akanyamaza muda mrefu. Akasema mivinje inaisha haraka motoni. Nikamwambia nitalipa kwa kilo, kwa mizani, asiwe na wasiwasi.

Hilo la kilo lilikuwa kosa. Wiki ya pili akaniletea kuni zinachuruzika maji. Mti uliokatwa sasa hivi, karibu nusu ya uzito wake ni maji, na mimi nilikuwa nimemwambia nitalipa kwa uzito. Babu hakuwa mwizi, alikuwa anasoma mkataba vizuri kuliko mimi. Nikawa nalipia maji, halafu nachoma kuni zaidi ili kuyachemsha maji yale yale yatoke kwenye kuni, moshi umejaa barabara nzima, majirani wanakohoa. Siku hizi tunakubaliana kwa fungu, zikiwa zimepasuliwa nyembamba, na nanunua miezi miwili kabla. Zinakaa juu ya vichanja, chini ya bati, upepo unapita katikati. Ukigonganisha vipande viwili vikalia kama mbao, ziko tayari. Vikijibu kwa sauti nzito, virudi kichanjani.

Vifuu vya nazi nilivipata bure kwa mama anayekamua tui jirani yangu, alikuwa anawalipa vijana wamtupie. Sasa ananiuzia. Nilikuwa mjinga kumwonyesha kwamba navihitaji.

Jiko la mafiga matatu tulilivunja tukajenga la matofali ya kuchoma na udongo wa kichuguu, mdomo mwembamba, karai limezama ndani moto usipate pa kutorokea pembeni. La kwanza lilipasuka baada ya wiki tatu kwa sababu tuliliwasha kabla halijakauka. La pili bomba lake lilikuwa fupi, kusi ulipoanza kuvuma ukaurudisha moshi wote ndani, mdogo wangu akatoka analia kama amefiwa. La tatu ndilo hili. Kuni zilizokauka pamoja na jiko hili zilishusha zile kilo 318 mpaka 165 hivi kwa wiki, kwa samaki wale wale. Mama alikuja kukaa mbele yake siku moja, akavuta pumzi, akasema, "Kumbe ilikuwa inawezekana." Hakusema zaidi. Mimi niliingia ndani nikajifanya natafuta chumvi.

Nirudi kwenye mafuta, maana ndiyo yaliyonifikisha huku. Nilikuwa nimeshughulika na swali la niyatupe wapi, nikasahau kujiuliza kwa nini yanachoka haraka hivyo. Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu. Katikati ya mchana, wateja wakipungua, tuliacha karai linafuka "ili mteja akija akute moto". Mafuta yanaungua bila samaki. Halafu samaki tulikuwa tunawatoa kwenye chumvi na ndimu wakiwa wanadondosha maji, tunawatupa humo humo. Maji na chumvi vinayaharibu mafuta, na mabaki ya unga yanayobaki chini yanageuka mkaa na kuendelea kuyachafua kila moto unapowaka. Nikabadilisha mambo manne. Samaki wananing'inizwa kwenye wavu wakauke kabla ya kuingia. Saa za uchache tunatumia karai dogo. Jioni mafuta yakipoa tunayachuja kwa kitambaa cha kanga kuukuu, tunayafunika. Na moto tunaupima kwa kijiti kikavu: povu likizunguka kijiti taratibu ni sawa, likiruka kwa hasira tunapunguza kuni.

Mafuta yaliyokuwa yanaishi siku tatu yakaanza kufika siku tano. Sijawahi kuyavusha hapo. Yakianza kutoa povu lisilotulia, yakinata mkononi, au yakifuka moshi mapema kabla ya moto kukolea, yamekwisha, hata kama rangi bado inakudanganya. Hayo ndiyo yanakuwa sabuni. Na sabuni naitengeneza mwenyewe.

Sabuni ya kwanza ilinila sufuria. Nilijua kanuni za jumla, kwamba kilo moja ya mafuta ya kupikia inataka gramu kama 130 hadi 140 za kostiki soda, na kwamba kostiki ndiyo inatiwa kwenye maji, si maji kwenye kostiki, vinginevyo inakurukia usoni. Glavu nilivaa, miwani nilivaa, watoto niliwafukuza. Ila niliyeyushia kwenye sufuria ya alumini. Ilianza kuchemka bila moto, ikatoa mvuke, na nilipoimwaga chini sufuria ilikuwa imechimbwa vishimo kama uso wa mtu aliyetoka kuugua ndui. Kostiki na alumini haviishi nyumba moja. Ndoo ya plastiki nene au chuma cha pua, basi.

Ya pili ilishika vizuri, nyeupe yenye umanjano, nzuri kutazama. Ukiifulia shuka, shuka inanuka vibua. Nilimpa jirani kipande, akanirudishia kwa heshima zote, akasema imemzidi nguvu. Nikajifunza kuyachemsha mafuta kwa maji ya chumvi kwanza, kuyaacha yatulie, kuyaengua juu, na kuyarudia tena, ndipo yachujwe. Harufu inapungua ila haiishi, hata ukitia mchaichai. Kwa hiyo sijidanganyi kwamba nauza sabuni ya kuogea. Nauza ya kusugulia sakafu na masufuria, na wateja wangu wakubwa ni wapasuaji samaki wenzangu kule sokoni, ambao harufu ya vibua si habari kwao. Tunaiacha mwezi mzima rafuni ikomae kabla ya kuuza. Faida yake ni ndogo. Mara moja moja kaka wa baiskeli hupita, huuliza kwa utani, "Mama, leo una dumu?" Namuuzia kipande cha sabuni.

Samaki walioharibika, zile kilo 17, nadhani ndilo jambo nililochelewa zaidi kulielewa. Nilikuwa naliona kama hasara ya kawaida, kama mvua. Mpaka siku moja nimekaa na daftari nikawaza: samaki huyu ametolewa baharini, boti limechoma petroli kumfuata, amewekewa barafu iliyogandishwa kwa umeme, amepandishwa bajaji, halafu nimemtupa kwa kunguru. Kuni zangu zote nilizookoa hazifikii ujinga huo. Na sababu ilikuwa ya aibu: tulikuwa tunawaacha kwenye karo wakingoja kupasuliwa, saa mbili hadi tatu, barafu iko ndani ya kasha na samaki wako nje juani. Sasa wanapasuliwa kwa mafungu madogo, wengine wamelala kwenye barafu iliyopondwa, tabaka la barafu tabaka la samaki. Siku ambazo bei Deep Sea iko chini sana nilikuwa nanunua mara mbili kwa tamaa, siku hizi nanunua ninachoweza kumaliza. Hiyo ni ngumu kuliko kujenga jiko. Bei ikiwa chini mkono unawasha.

Matumbo na magamba tulijaribu kuyafukia. Mbwa wa mtaa mzima wakafanya mkutano. Tukaongeza shimo urefu, mvua za masika zikalijaza, likafumuka, na mimi nikaomba radhi nyumba kwa nyumba. Aliyetuokoa ni seremala wa barabara ya pili, ambaye alikuwa anachoma vumbi la mbao kila Jumapili kwa kukosa pa kulipeleka. Ndoo moja ya matumbo kwa ndoo tatu za vumbi la mbao na maranda, tabaka kwa tabaka, kwenye kizimba cha matofali chenye mfuniko wa wavu, na tabaka la juu siku zote liwe vumbi kavu. Harufu inakufa. Ukiingiza mkono katikati siku ya nne unautoa haraka, joto lake si mchezo. Baada ya miezi mitatu au minne ni mbolea nyeusi, isiyonuka, na kina mama wa bustani za mchicha wanaipigania. Sikumbuki tena siku niliyolipia taka kubebwa, isipokuwa za plastiki.

Za plastiki ziko pale pale. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya rambo ilipopigwa marufuku, mimi kama wengine nilikimbilia magazeti na karatasi za mitihani. Mteja anakula kolekole mwenye swali la hesabu mgongoni. Wino na mafuta ya moto si kitu cha kumlisha mtu, hilo nilielezwa na mteja mwalimu, na nilikiri. Nikarudi kwenye pakacha, la makuti, analosuka bibi mmoja wa Tongoni, ndani natandika jani la mgomba lililopitishwa motoni kidogo lisipasuke. Lina gharama kuliko gazeti. Kwa hiyo anayekuja na bakuli lake nampunguzia shilingi 200, na wenye bakuli wamekuwa wengi kuliko nilivyotegemea, hasa wanaume wenye baiskeli wanaotoka kazini, wanalitundika hotpoti kwenye usukani bila haya yoyote. Mchuzi na kachumbari bado vinaondoka kwenye vifuko vidogo. Sijapata dawa yake.

Niliwahi kualikwa semina ya siku mbili ya biashara na mazingira. Nilijifunza maneno. Kila mmoja wetu alipewa chupa nne za maji kwa siku, fulana, na begi la kitambaa lililofungwa ndani ya plastiki. Mwezeshaji aliniuliza dira yangu ya mazingira ni ipi, nikamwambia nina mizani. Akaandika "vipimo" kwenye karatasi kubwa ukutani, akasonga mbele. Chakula kilikuwa kizuri lakini.

Gesi je? Watu wananiuliza sana, hasa tangu serikali ilipoziagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024, na mwaka huo huo ukaja mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, unaotaka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati hiyo. Shule moja ya bweni ilikuwa inachukua samaki kwangu kila Ijumaa. Mhasibu wao akanipigia, akasema wao wamehamia gesi na wanataka wazabuni wao nao wasionekane na moshi. Nilikasirika kidogo. Nimehangaika miaka miwili na vichanja na vichuguu, leo naonekana mchafu kwa sababu nina bomba la moshi!

Nilinunua jiko la gesi la moto mkubwa na mtungi wa kilo 38, kwa mkopo wa kikundi chetu cha kina mama. Ijumaa za shule nakaangia gesi. Saa za uchache, karai dogo, gesi pia, kwa sababu naizima mteja akiondoka na kuiwasha akija, na huko ndiko inakolipa kuliko kuni. Ile tabia ya karai kufuka bure imekufa yenyewe. Lakini kwa karai kubwa la jioni nilipiga hesabu wiki sita mfululizo, na mivinje mikavu kwenye jiko la matofali bado inanigharimu chini ya nusu ya gesi. Kwa hiyo nachoma vyote viwili, na nikiulizwa nasema hivyo. Gesi inatoka melini, haioti Muheza. Mvinje ukikatwa unapandwa mwingine. Ila kifua cha mdogo wangu ni kimoja, na siku atakayoanza kukohoa kama mama, hesabu hiyo nitaichana.

Babu wa kuni mwaka jana alipanda mivinje 60 kwenye kipande chake. Nilidhani nimembadilisha, nikampongeza. Akaniambia ameona watu wa ujenzi wanazinunua kwa bei nzuri kuliko mimi.

Kuna jambo moja ambalo mizani haijanisaidia. Kasha la barafu. Ni la lile boksi jeupe jepesi, limefungwa ndani ya mbao na kijana wa sokoni, wote tunatumia hilo hilo. Kila miezi miwili linaanza kumeguka vipunje vyeupe, vidogo kama wali, vinaambatana na maji ya barafu tukimwaga. Nimejaribu kulipaka lami, samaki wakanuka lami. Nimejaribu usumba wa nazi uliobanwa kati ya mbao mbili, barafu ikayeyuka kabla ya adhuhuri. Bati mbili zenye maranda katikati zilifika saa nane mchana, halafu maranda yakalowa na kuoza. Sasa fundi mmoja wa boti kule Sahare ananiambia anaweza kulizungushia ndani kwa faiba, kama boti, lisimeguke tena. Bei aliyoitaja ni ya jiko la gesi jingine.

Kwa sasa nimeweka kitambaa cha kanga kwenye tundu la maji. Kila jioni, baada ya kuchuja mafuta, nakikung'uta kwenye kopo la rangi. Kopo limefika robo. Ni jepesi mno, mizani yangu inasema sifuri.